Hewa Mbaya

Jikoni, Cleveland, siku ya tatu baada ya mazishi,
wanne wanabishana mji upi una hewa mbaya zaidi.

"Phoenix ni tanuri," asema Lorraine.
"Julai ukishika usukani unaacha ngozi.
Hata usiku hausamehe."

Thaddeus aguna. "Hilo joto kavu!
Njoo Houston uvae hewa kama shati lisilokauka,
kisha mafuriko yapande ngazi,
moja, moja, kama mdai."

"Minneapolis," adakia Bernadette,
"kope huganda."
Ananyoosha kidole chenye kovu la baridi,
shahidi na kielelezo chake.

Kitinda mimba, Russ, hana cha kujitetea:
anakaa San Diego.
Anakoroga kahawa iliyokwisha kupoa.
"Kuna... ukungu," asema. "Mwezi wa Juni. Mzito."
Hakuna anayecheka.

Kila nyuzi ikitajwa, komeo linasogea.
Mkate wa ndizi wa jirani unazungushwa mezani,
hamna anayekata.
"Na mapafu yake yale," asema mmoja,
na wote wanaitikia haraka mno.

Chumba cha pili, Alvin Pruitt
amezima televisheni zamani.
Anatafuta glavu. Anapata moja yake,
nyingine ya marehemu, ndogo, ya zambarau;
anailazimisha mpaka kwenye vifundo vya vidole,
inagoma hapo, anaiacha hapo.

Jikoni wamefika kwenye vimbunga
waliposikia koleo nje,
kwaruu, kwaruu,
likisafisha theluji
kutoka mlangoni
hadi kwenye magari yao ya kukodi.