Njoo Wete, Mwenyeji Apone

Umeniuliza, ramani mkononi,
Wete kuna nini.
Nilikuwa nahesabu pishi za wachumaji,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Sikuongopei. Hakuna kikubwa.
Barabara moja inateremka hadi bandarini
kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau ametumwa nini;
ikifika majini inasimama, inajikuna.
Majumba ya ghorofa ya Limbani mvua imeyavua rangi,
nguo za watoto ndizo zinazoyavisha.
Na mvua yenyewe haina hodi.
Kama wataka mchanga wa kujianika, bakia Unguja, wanao.

Lakini ukija, uje msimu wa karafuu,
tena uje kwa miguu.
Baina ya jamvi na jamvi pana nafasi ya unyayo mmoja,
na Shaame Faki, mwalimu wa hesabu aliyestaafu,
atakukemea na reki yake mkononi:
"Hiyo unayoikanyaga ni karo ya mwanangu!"
Kisha atakuuliza jina la babu yako.
Mpe. Kama hulijui, buni.
Hapa mtu asiye na babu hupimwa kwa kukisia.

Upite kwa Bimize, ule mkate wa mofa.
Kila siku anachoma ishirini,
anauza kumi na tisa,
na hajapata kumwambia mtu kwa nini.

Haya nayasema kwa kuwa ni mepesi kusemeka.

Mwaka juzi mama alikaa eda.
Baba aliondoka baina ya adhuhuri na alasiri,
kandambili zake bado zimelowa maji ya udhu.
Mama akafunga mdomo.
Siku ya tatu. Ya saba. Ya ishirini.
Tulimpelekea uji, ukapoa.
Tulimpelekea wajukuu, wakasinzia.
Shangazi alisoma alichokijua, daktari wa Chake akaandika vidonge,
na mama akautazama ukuta
kama anayengoja uanze wao kusema.

Usiku wa ishirini na tatu umeme ulikatika.
Mvua. Mlango ukagongwa.
Msichana, mkoba mgongoni, anadondoka maji,
Osmunda jina lake, mwanafunzi wa ukunga,
kwao Songea.
Boti ilikuwa imemwacha; anatafuta nyumba ya wageni,
na mtaa ameukosea.
Sisi tukawa tunamwelekeza, hodari sana wa kuelekeza:
panda kilima, ukiona duka la mafuta ya taa
kata kushoto, si kushoto ya kwanza...
Nyuma yetu pazia likasogea.
Mama kasimama, kajifunga nyeupe, kashika mwimo,
sauti yake bawaba iliyokosa mafuta:

"Umekula?"

Hakutuuliza sisi. Sisi tulikuwa tumeshakula,
siku ishirini na tatu tunakula.
Akaliwasha jiko mwenyewe, hataki msaada,
akapika mseto wa choroko, na samaki wa chukuchuku,
akakaa kumtazama mgeni akitafuna,
akamgombeza kwa kuuacha ukoko.
Halafu, kama aliyekumbuka kitu jikoni,
akanyoosha mkono kwenye sinia
akamega tonge lake.

Osmunda aliondoka asubuhi na vitambaa viwili
na jina la babu yake limeandikwa ukutani kwa mkaa,
maana mama aliogopa kulisahau.
Hajui alichokifanya. Sikumwambia.
Nilimbebea mkoba mpaka gatini, nikamwambia safari njema.

Basi unapouliza Wete kuna nini,
nikikuonesha karafuu ujue nakwepa.
Ipo nyumba, siijui ni ipi,
Utaani au Jadida au huko nyuma ya soko,
ambayo mtu wake leo ameuelekea ukuta.

Njoo. Ukosee mtaa.
Njoo na njaa, usile njiani.
Boti ya kurudi huondoka mapema;
iache ikuache.