Sanduku la Kuazima

Lilikuja Jumatatu nyuma ya pikapu ya wilaya,
limefunikwa turubai kama mgonjwa anayekimbizwa Makandana,
na karatasi ya kusaini: siku nne tu,
kikipotea kipande, mwalimu atalipa.
Ndani: mchanga, kamera, projekta,
na waya mrefu kuliko utumbo wa ng'ombe.

Nimefundisha milima miaka kumi na tisa
kwa chaki. Nachora pembetatu, napasua ncha,
natia moshi kwa kiganja,
naufuta kwa kiganja hichohicho.
Watoto wamenakili Rungwe bila kugeuza shingo,
na Rungwe yupo dirishani,
siku ambayo ukungu umemruhusu.

Sasa nasema: shikeni.

Ipyana anarundika mchanga kwa mikono miwili
na rangi zinaupanda mchanga, zenyewe,
kijani chini, kisha njano, kisha wekundu,
weupe kileleni,
na mistari ya kontua inajikunja kukizunguka kilima
kama maganda ya kitunguu.
Mistari ileile iliyowaliza kwenye mtihani wa Machi!
Lugano anadidimiza kidole juu kabisa,
panakuwa shimo, buluu inajaa.
"Ngozi! Katengeneza Ziwa Ngozi!"
Na kweli. Kwa kidole kimoja chenye wino.

Ukitandaza vidole juu ya mlima, mvua inanyesha,
mvua ya mwanga, inateremka mabondeni.
"Mvua tena, Mwalimu?" anauliza Tusajigwe,
sweta lake linatoa mvuke tangu gwaride la asubuhi,
na juu yetu bati linachapwa na ile ya kweli
hata natamka kila neno mara mbili.

Nikawaambia volkano ni za namna tatu:
iliyo hai, iliyolala, iliyokufa.
Nikabonyeza kitufe.
Uji mwekundu ukachemka, ukamwagika,
ukashika bonde alilochimba Bupe kwa rula,
ukaufuata Kiwira, ukakaribia pale
ambapo jiwe limeuvuka mto kama daraja
na umeme ukakatika.

Giza la Tukuyu la saa nne asubuhi.
Mlima ukarudi kuwa mchanga.
"Umekufa," akasema mmoja.
"Umelala," akamsahihisha mwenzake.
Sikujua wanasema umeme au Rungwe,
wala sikuuliza, maana onyo ni lilelile:
msiuguse waya.

Ndipo Bupe,
ambaye tangu muhula uanze sijasikia sauti yake
zaidi ya "nipo",
akafungua mfuko wa daftari akatoa jiwe,
la kijivu, lenye vitundu, limechakaa upande mmoja:
jiwe la mama yake la kusugulia visigino.
Akaliweka kwenye ndoo ya kufutia ubao.
Likaelea.

"Tuliyakuta tukichimba choo," akasema.
"Yapo tele. Ukiyapiga jembe yanalia kama mkate mkavu."

Nami nimeogea jiwe hilo tangu naogeshwa,
nikalifaulia mtihani kwa jina lake la kitabuni,
povu la moto lililoganda na pumzi ndani,
na sikuwahi, hata siku moja,
kulikutanisha jina na kisigino.
Nikainama juu ya ndoo pamoja nao.
Vichwa arobaini na tatu, na changu.

Umeme haukurudi siku ile.
Wakaujenga tena mlima bila rangi, kwa kumbukumbu,
wakagombana wekundu ulianzia wapi,
Ipyana na Lugano nusura washikane mashati
kwa ajili ya kontua isiyoonekana.
Niliwaacha wagombane. Kengele ikalia, wakaendelea.

Alhamisi afisa alikuja na karatasi yake.
Akahesabu kamera: moja. Projekta: moja.
Akaupima waya kwa hatua, ukumbini, mpaka mwisho.
Mchanga hakuupima.
Ulikuwa umepungua.