Herufi Ndogo

Kofia nane za harusi ya kina Bwanaheri
zimenila mwaka mmoja na nusu,
na kidole cha shahada kimeota gamba.
Nimelipa duka la nyuzi, nimelipa karo ya Tima,
nimelipa hata deni la samli nililokuwa nimejisahaulisha,
na bado zimebaki: elfu sabini na nne.

Sijawahi kushika pesa isiyo na mwenyewe.
Kila noti iliyonipitia ilikuwa njiani kwenda kwa mtu.
Hizi zimekaa tu, kwenye mkebe wa majarini,
chini ya leso za marehemu mama,
na usiku nazisikia zikiniuliza: na sisi je?

Mwanakheri wa nyumba ya pili akasema, tia kwenye upatu,
wanawake ishirini, zamu yako Shaabani.
Nikamwambia upatu hauzai, unazunguka tu;
nitatoa yangu, nipewe yangu,
na katikati nijue nani hulipa kwa kusukumwa.
Hakupenda. Siku mbili hakunirudishia bakuli.

Basi nikavaa buibui la kutokea,
nikashika Usita wa Mui, nikawapisha punda wa saruji,
hadi benki.
Ukutani bango: mwanamke anacheka, meno yote nje,
na tarakimu kubwa kama mlango, KUMI KWA MIA.
Chini yake, safu ya sisimizi.
Kijana wa kaunta, Lali, akaanza kunieleza
kwa sauti ya mtu anayelisha mtoto uji.
Ngoja mwanangu, nikamwambia. Nasoma.

Mimi hutoboa kitambaa tundu kwa tundu,
kila tundu nikalizungushia uzi hadi lifumbue jicho.
Kidogo hakinitishi.
Nikasoma:
hiyo kumi ni ya anayeanzia laki.
Chini ya laki, nne.
Serikali nayo ina kijiko chake, kumi na tano katika kila mia ya faida.
Ada ya mwezi, shilingi mia.
Ukitoa kabla ya mwaka, faida inarudi ilikotoka.

Nikaazima kalamu yao, iliyofungwa kwa kamba
(wanataka niwaamini na elfu sabini,
wao hawaniamini na kalamu),
nikapiga hesabu nyuma ya fomu.
Ikabaki elfu moja mia tatu na kumi na sita.
Kwa mwaka mzima.
Lali akaitazama. "Haki," akasema,
"mimi sijawahi kuishusha hadi chini."

Shangazi Somoe hana haja na hesabu.
Kwake neno ni moja, riba, na moto ni mmoja.
"Pweza mwite kuku," asema, "mikono ni minane vile vile."
Sikubishana.
Lakini nilimkumbusha samli, bei ya juzi na ya leo:
pesa ikilala mkebeni hupungua bila kuibwa.
Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya tatu, dirisha la mwisho, la wasiotaka riba.
Binti mmoja, hina imefifia kuchani, hakuwa na bango.
"Tunaziingiza biasharani," akasema.
"Tukipata tunagawana, tukikosa tumekosa sote.
Mwaka jana ilitoka tano na nusu."
Na mwaka huu?
"Sijui."

Nimezunguka mji huu siku tatu,
na hilo ndilo neno la kwanza nililopewa
lisilo na herufi ndogo chini yake.

Nikaweka sitini.
Kumi na nne nimeziacha mkebeni;
kuna raha yake, kuwa na kitu karibu kisicho na kazi.

"Wamekuahidi nini?" Shangazi akauliza.
Hawakuahidi.
Akafikiri kidogo, kisha akaninyoshea sindano
nimtilie uzi, mato yake siku hizi hayaoni tundu.
Kofia ya tisa tumeianza Jumamosi.
Mteja bado hatumjui.