Kipeperushi cha Ardis Fossum

Kimesukumwa chini ya mlango wangu, karatasi ya bei nafuu,
picha imechapwa vibaya, pua imehamia shavuni.
"Mzaliwa wa Nordby. Mtumishi wa Nordby.
Mpeni kiti kwenye baraza la mji."
Basi.
Ardis hajawahi kuwa mtu wa maneno:
miaka thelathini na mmoja akiendesha basi la shule
alitusalimu kwa kidevu tu.

Acha nimjazie mimi, kwa kuwa karatasi imebakiza nafasi
na usiku wa Novemba huku Dakota hauna haraka.

Alizaliwa jikoni, nyuma ya ghala la nafaka,
mwaka theluji ilipofika madirishani na daktari akakwama njiani.
Baba yake, Orrin, alipima ngano za watu
na hakuwahi, wanasema, kuegemeza kidole kwenye mizani.
Mama yake alifagia kanisa la Walutheri Jumamosi,
la Wakatoliki Jumatatu;
vumbi, alisema, halina dhehebu.
Mtoto akakulia kati ya mizani na ufagio.
Ukitaka kumjua, anzia hapo.

Kipeperushi hakimtaji Teddy Wanzek,
aliyejikojolea kitini kila asubuhi ya mtihani,
wala suruali kavu zilizokunjwa nyuma ya kiti cha dereva,
za kila kimo,
ambazo hakuna aliyejua ni za nini
hadi Teddy, sasa mhandisi, aliponisimulia mwenyewe
akicheka, machozi yakimlengalenga.
Hakilitaji koti la zimamoto la kujitolea,
lililoshonwa kwa kipimo cha mwanamume,
mikono yake kaikunja mara mbili
na bado inamfika vidoleni.

Lakini sifa zisizo na kasoro ni mbuzi kwenye gunia.
Aprili ile mto ulipopanda,
ukibeba mapande ya barafu kama milango iliyong'olewa,
orodha ya mifuko ya mchanga ilikuwa mkononi mwake.
Malori akayapeleka Mtaa wa Mashariki,
kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza.
Mtaa wetu akauacha.
Friza la baba likaelea chini ya nyumba
na nyama ya paa ya mwaka mzima,
likigonga ngazi, likigonga,
kama mgeni asiyefunguliwa.

Maji yalipokwisha alikuja na koleo.
Hakuomba radhi. Hakujieleza.
Akachota tope siku nne.
Siku ya tano baba akatoka na kikombe cha kahawa,
akakiweka ngazini, akarudi ndani bila neno.
Ardis akanywa.
Huo ndio mjadala pekee wa kisiasa
niliowahi kuushuhudia Nordby.
Baba alikufa akimwita "yule wa mifuko",
na sijui, hadi leo, kama lilikuwa tusi.

Mcheza kwao hutuzwa, ndiyo;
ila kwao kukiwa kudogo hivi
hukumbukwa pia vidole alivyovikanyaga.
Mpinzani wake, Brent Haugland, anauza matrekta,
ana mabango makubwa na meno yanayotosha mabango hayo.
Si mtu mbaya. Alinikopesha jenereta.

Leo asubuhi, siku ya kura, theluji imetuamkia magotini.
Nilimkuta Ardis peke yake, kofia imeshuka hadi nyusi,
akichonga njia kuelekea kituo cha zimamoto
wanamopigia kura.
Akafika kwenye utepe mwekundu
ambao mgombea haruhusiwi kuuvuka.
Akasimama papo hapo, ncha ya kiatu kwenye utepe, hata inchi moja asizidishe,
binti wa mpima ngano.
Hatua kumi zilikuwa zimebaki hadi mlangoni.

Akaniona. Kidevu.
Akaninyooshea koleo.

Mpini ulikuwa bado na joto la mikono yake.
Nikachota hadi kizingitini, jasho likinitoka kwenye baridi ile,
nikaliegemeza koleo ukutani, nikaingia.
Nilichokifanya nyuma ya pazia
ni siri yangu,
na ya baba.