Mdomo wa Sili

Jioni tuliuacha mkono wa eskaveta juu,
umenyooka kuelekea vilima vya Nala.
Asubuhi tukaukuta umelala,
meno ya ndoo yamezama udongoni
kama mjumbe aliyesinzia kikaoni,
wala hakuna aliyegusa wenzo.

"Wanga," akasema mlinzi.

Ndahani hakucheka. Alichuchumaa,
akapitisha kidole chini ya shingo ya silinda,
akakinusa, akatuonyesha:
mafuta yameshikana na vumbi jekundu, yamekuwa uji.
"Mwanga wako huyu hapa.
Mwembamba kuliko kamba ya kandambili."

Nilihesabu. Tone. Pumzi nne. Tone.
Waliotuambia haba na haba hujaza kibaba
hawakusema ni haba hiyohiyo
inayokausha tangi.

Mashine iliyozimwa si mashine iliyolala:
injini kimya, tulichezesha wenzo huku na huku
mpaka presha yote ikaguna, ikaisha.
Tukamwagia ardhi maji, madumu mawili
ambayo ng'ombe wa jirani waliyatazama kwa uchungu,
maana upepo wa Julai hauna adabu,
na punje moja ya mchanga ndani ya silinda
ni jino.

Nati ilikataa.
Sechelela, msichana wa VETA,
akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia mzima mzima,
miguu hewani,
akiiambia kwa Kigogo maneno ambayo sitayaandika.
Ikalia kah! ikaachia.

Sili ya zamani ilitoka vipande vipande,
imekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juu ya paa.
Bangili tu ya mpira. Miaka mitatu
ilikuwa imefumba mdomo mbele ya tani ishirini,
na hakuna siku tuliyoitaja kwenye ripoti.

Mpya tuliilainisha kwa mafuta ya uvuguvugu
ndani ya sufuria ambayo haitapika tena mlenda.
Mimi ndiye niliyeivalisha. Mikono hii.
Injinia alikuwa nyuma yangu, simu sikioni,
akimwambia mtu, "Saa nane. Saa nane tunachimba."

Saa nane tulichimba.
Mkono ulipanda nusu, mafuta yakaruka,
yakamchora Ndahani kuanzia kola hadi mkanda.

Hakupaza sauti. Alifuta miwani kwanza.
"Mdomo hutazama chakula," akasema,
akaenda kunywa maji.

Nilikuwa nimeigeuza. Mdomo wake ulitazama nje,
kwenye jua, kwa wapita njia,
na tulipoichomoa tukaona na chanjo tatu:
hesi za rodi zilikuwa zimeichana nikiwa na haraka.

Ilibaki moja kwenye pakiti.
Saizi ile, Dodoma nzima, hatukujua pa kuipata.
Sechelela akakata chupa ya maji,
akaikunja kama karatasi ya karanga, akazifunika hesi,
na sili ikapita juu yake taratibu
kama mtoto anayevalishwa shati akiwa usingizini.
Ndahani alishika tochi japo jua lilikuwa bado lipo.
Hakuna aliyemjibu injinia.

Usiku niliomba kulala saiti.
Mkono tuliuacha juu, na chini ya jino la ndoo
nilisimika bua la mtama,
upana wa kidole ukibaki kati yao.

Saa kumi alfajiri niliamka.
Bua limesimama. Upana uleule.
"Wamehama?" mlinzi akauliza kutoka gizani.
Nilipitisha kidole chini ya shingo:
pakavu, vumbi tu.
Nikakinusa hata hivyo.