Moshi Mwembamba

Mafinga hakuna anayekosa kuni.
Malori ya mipaina hupita usiku kucha,
vumbi la mbao linaingia hadi kwenye kopo la chumvi,
na shemeji yangu Venansi, mlisha msumeno kiwandani,
hunitupia mabanzi mlangoni kila Jumamosi,
bila hodi, kama mtu anayelipa deni kwa hasira.

Basi mwaka juzi nikajiambia: moshi ni moshi.
Nikatundika paja la nguruwe ndani ya pipa,
nikawasha mabanzi ya bure.
Moshi ukatoka mnene, wa manjano, una haraka.
Jioni nyama iling'aa kama mlango uliopakwa vanishi,
na ladha yake ilikuwa ya mlango.
Watoto walitafuna kwa adabu.
Mbwa alinusa, akanitazama mimi.

"Utomvu," akasema Bi Leokadia Kihwele, ng'ambo ya ua.
"Mti wenye machozi haufai kwa nyama.
Tafuta mgumu. Uliozaa tunda. Uliokula baridi."

Nikatafuta.
Changarawe waliniuzia mkaratusi: unanuka dawa ya kifua.
Mwati, nikaambiwa, ni wa mkaa na wa ngozi.
Fundi mmoja akanionyesha mti mweusi, hana jina lake,
wala hakutaka nijue umetoka msitu gani.
Nikamwachia.

Agosti, Lukelo mwana wa Leokadia alitoka Makambako na chenso.
Shamba la nyuma linataka parachichi za kwenda ng'ambo,
na mpeasi wa marehemu baba yake umesimama katikati,
mpeasi wa peasi ngumu kama mawe,
za kuchemsha tu, na kwa uvumilivu.
Ulianguka saa nne asubuhi.
Bi Leokadia hakulia. Alihesabu:
magogo kumi na manne.
"Chukua. Ila gome ulitoe,
lile kuvu lake ni uchungu mtupu."

Kabari iliingia, gogo likalalamika, likafunguka,
ndani rangi ya ufizi wa mtoto.
Nikapasua yote kwa upana wa kiganja,
nikayapanga juu ya matofali, chini ya ukingo wa bati,
ncha nikazipaka nta ya mshumaa
zisipasuke kwa pupa ya jua.
Mvua za Novemba zilipofika nikafunika juu,
ubavu nikauacha wazi, upepo ujipitie.

"Unafuga kuni?" Venansi akacheka.

Nilifuga.
Kila mwezi nilichukua vipande viwili, nikavigonganisha.
Januari: bu.
Aprili: bu.
Juni, ukungu umelala hadi saa tano, vidole havikunji:
bu, ila kwa kusitasita.
Nikasahau Julai, tulikuwa na msiba.
Agosti, mikono imejaa mambo mengine, kimoja kikaniponyoka
kikaangukia mwenzake:
ko.

Ko, kama kokoto juu ya kokoto.

Paja lililala kwenye chumvi siku saba, kamba siku moja,
likae kavu, lisitoe jasho.
Moto nikauacha ufe mpaka ukawa makaa,
ndipo nikaweka kipande kimoja. Kimoja tu.
Nikangoja moshi. Hakuna.
Nikainama hadi shavu likaungua:
ulikuwepo, mwembamba, wa samawati,
hauna haraka ya kwenda popote.

Saa tisa nilikaa na blanketi la mgonjwa mabegani,
nikiongeza kipande, nikipunguza hewa,
nikijifunza kutofanya kitu.

Kipande cha kwanza nilimpelekea jirani kwenye sahani ya bati.
Alikuwa anamwagilia miche, inamfika gotini.
Akatafuna. Akatafuna sana.
Akatazama pale palipo na shimo
ambalo Lukelo hajalifukia bado.
Nikangoja aseme neno.

"Chumvi imezidi," akasema.

Kisha, mkono ukirudi kwenye sahani:
"Yamebaki mangapi?"
Kumi na moja.
"Usiyamalize kabla ya Krismasi."