Mahali pa Kungojana

Saa nne usiku, na jua bado limekaa juu ya misonobari
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mto umekuja nasi siku sita, mweusi mithili ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na hapa unaanza kunguruma.

Clarence, na hiyo kayaki yako nyekundu ya plastiki,
mshahara wa miezi miwili kule Montreal,
kofia ngumu kichwani, sketi ya mpira kiunoni,
unautazama mtumbwi wa baba
kama mtu anayetazama redio ya mbao.

Turubai yake ina viraka kumi na kimoja.
Cha kijani alikitia mwaka niliozaliwa, kwa kipande cha hema na utomvu.
Cha fedha ni utepe wa dukani, wa mwaka jana,
pembe zimekunjamana: mkono ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Nitapita," unasema. "Nimeyasoma mawe."
Shangazi Minnie anafunga gunia la unga, hainui uso.
"Na mawe yamekusoma."

Wazee walipaita Mahali pa Kungojana.
Hawakusema nani amngoje nani.

Najitwisha. Ukanda kwenye paji la uso,
mtumbwi juu yangu, paa la nyumba inayotembea.
Sioni mbingu. Sikuoni.
Naona viatu vyangu, na njia iliyochimbwa na visigino vya watu wetu,
mizizi imeng'aa kama kizingiti.
Inzi weusi wananiingia sikioni na habari zao zote
na mikono yangu imeshikwa, siwezi hata kujikuna.

Kulia kwangu mto unatafuna.
Mara nasikia sauti. Yako,
au ya yule ndege mpiga mbizi
anayelia kama mtu aliyecheka msibani.
Nigeuke vipi? Futi kumi na sita hazigeuki kati ya miti.
Nahesabu hatua, kama baba,
ambaye kila ya mia alitaja jina la mmoja aliyepita hapa.
Nina majina saba. La saba ni lake.
Hatua ya mia nane naivuka kimya,
meno nimeyauma.

Chini, povu limelala majini kama la kufulia.
Nusu ya kafi lako inazunguka, inazunguka.

Nawe hapo, juu ya jiwe tambarare,
kiatu kimoja, midomo ya buluu,
kayaki imekwenda zake ghubani bila dereva.
Maneno yanakutoka vipande vipande:
"Mme. Mmechelewa."

Nataka kukupiga. Magoti yangu yanacheza, siwezi.
Shangazi anakutupia blanketi, anakwenda kutafuta kuni,
na kwa mgongo tu anatoa hukumu:
kesho utakaa katikati,
mahali pa unga
na mbwa.